Mgombea Anapoteleza Ulimi

Msomaji mpenzi, huenda wewe pia umewahi kusimama juani kumngoja mgombea aliyeahidi kufika saa nne asubuhi akafika saa nane. Alipopanda jukwaani ngoma zilinyamaza, naye akasema mengi mema juu ya barabara, maji na zahanati. Kesho yake hakuna aliyekumbuka barabara wala maji. Sokoni, kisimani na njiani kutoka Misa ya asubuhi watu walizungumza juu ya neno moja tu lililomponyoka. Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nao walisema hivyo kabla hawajakiona kipaza sauti.

Sikusudii leo kukuchekesha kwa makosa ya wakubwa, ingawa mengine yachekesha kweli. Nataka tutazame jambo linalofuata kosa: mgombea hufanya nini watu wanapomlaumu? Hotuba yake huenda aliandikiwa na mtu mwingine, na hata ahadi zake. Lakini lawama zikimshukia ghafula hana karatasi mkononi, na hapo ndipo wewe mpiga kura unapata kumwona mtu mwenyewe.

Tuanze mbali, Marekani, mwaka 1884. Walioshindania urais kwa nguvu walikuwa wawili: James Blaine wa chama cha Republican, msemaji hodari aliyependwa na wengi, na Grover Cleveland wa chama cha Democratic, gavana wa jimbo la New York. Mwezi Julai gazeti moja la mji wa Buffalo lilitangaza kwamba Cleveland, ambaye hakuwa na mke, alikuwa amezaa mtoto na mjane mmoja miaka kumi nyuma. Fikiri habari ya namna hiyo ilivyopokewa siku zile. Rafiki zake walifadhaika, wakataka kujua waseme nini. Akawapelekea simu ya maandishi yenye maana hii: lolote mtakalofanya, semeni kweli. Hakukana. Ilikubaliwa wazi kwamba alikuwa akitoa fedha za kumtunza mtoto yule.

Blaine naye alikuwa na mzigo wake. Alishitakiwa kwamba alipokuwa bungeni alijipatia faida kwa makampuni ya reli, na barua zake za zamani zilikuwa zimetokea hadharani. Mwishoni mwa barua mojawapo alikuwa amemwagiza mwenzake aichome. Basi wapiga kura waliwekewa mbele yao mtu aliyesema “semeni kweli” na mtu aliyesema “choma barua hii”. Si ajabu wengi walimwelekea yule wa kwanza.

Lakini tusiharakishe kumfanya Cleveland mtakatifu. Mwezi Oktoba mjane yule alitoa maneno yake chini ya kiapo, akasema kwamba alitendewa kwa nguvu. Mtoto alikuwa amepelekwa katika nyumba ya yatima. Katika kelele za kampeni sauti ya mwanamke huyo ilipata nafasi ndogo sana, na mpaka leo watu husifu simu ile ya maandishi kuliko wanavyomkumbuka yeye. Kukiri nusu ya jambo ni kuzuri kuliko kukana lote, bali bado ni nusu.

Sasa tazama jinsi Blaine alivyoanguka. Jumatano tarehe 29 Oktoba 1884, siku sita tu kabla ya kura, alikutana na wachungaji wa Kiprotestanti mamia kadhaa katika hoteli ya Fifth Avenue mjini New York. Msemaji wao, mchungaji mzee wa Kipresbiteri aitwaye Samuel Burchard, alisema kwamba wao hawawezi kukihama chama chao na kujiunga na chama ambacho asili yake ni ulevi, Urumi na uasi. Kwa “Urumi” alikusudia sisi Wakatoliki. Blaine alisimama akajibu hotuba ile kwa shukrani, wala hakuligusa neno lile. Labda alichoka, maana alikuwa amesafiri majuma mengi. Labda hakulisikia vema. Lakini chumbani mle alikuwamo mtu wa chama cha pili aliyeandika kila kitu kwa hati ya mkato.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba Blaine mwenyewe hakuwa adui wa Kanisa. Mama yake alikuwa Mkatoliki wa asili ya Ireland, na binamu yake, Mama Angela, alikuwa mtawa wa Masista wa Msalaba Mtakatifu. Waairishi wengi wa New York walikuwa tayari kumpa kura. Kama angalisimama palepale akasema, “Baba Mchungaji, nakushukuru kwa wema wako, lakini neno hilo silikubali, maana mama aliyenizaa alisali katika imani hiyo,” nadhani wachungaji wenyewe wangalimheshimu. Alikuja kulikana siku tatu baadaye. Siku tatu! Wakati ule vikaratasi vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa, na Jumapili tarehe 2 Novemba viligawiwa milangoni mwa makanisa ya Wakatoliki.

Tena, jioni ya siku ileile ya hoteli, alikwenda kula karamu na matajiri wakubwa katika mkahawa wa Delmonico's, wakati ambapo watu wengi walikuwa hawana kazi. Asubuhi yake gazeti la World lilimchora katika ukurasa wa kwanza kama Mfalme Belshaza, yule tunayemsoma katika Kitabu cha Danieli sura ya tano, ameketi mezani na wenye fedha, na mbele yao maskini na mkewe na mtoto wanaomba makombo. Msomaji anayejua Maandiko hahitaji kuelezwa mkono uliandika nini ukutani.

Cleveland alishinda jimbo la New York kwa kura zisizofika 1,200, kati ya kura zaidi ya milioni moja. Jimbo lile lilikuwa na kura 36 za wajumbe wanaomchagua rais. Cleveland alipata kura za wajumbe 219, Blaine 182. Ukizihamisha zile 36, rais anakuwa Blaine. Wanahistoria hubishana, nao wana haki: mgombea wa chama cha kupinga pombe alichukua yapata kura 25,000 katika jimbo lile, nyingi labda zingalimwendea Blaine. Palipo na tofauti ndogo namna ile kila sababu yaweza kuwa ndiyo sababu. Lakini neno la mchungaji yule ndilo pekee ambalo Blaine angaliweza kulizima kwa nusu dakika.

Wengine hawachelewi kwa kutosikia, bali kwa ukaidi. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford, katika mdahalo na Jimmy Carter uliofanyika San Francisco tarehe 6 Oktoba, alisema kwamba Warusi hawazitawali nchi za Ulaya ya Mashariki. Mwandishi aliyemwuliza alishangaa akampa nafasi ya kujisahihisha, naye akazidi kushikilia. Katika Marekani mlikuwa na mamilioni ya watu wenye asili ya Poland na Hungaria, wengi wao Wakatoliki, ambao ndugu zao waliishi chini ya nira hiyo hiyo. Zilipita siku kadhaa kabla Ford hajakubali waziwazi kwamba alikosea. Alishindwa mwezi Novemba.

Kisa cha tatu kimenigusa kuliko vyote. Tarehe 28 Aprili 2010 Gordon Brown, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa katika mji wa Rochdale akitafuta kura za chama chake cha Labour. Mama mmoja mjane wa miaka 65, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa Labour, alimkabili njiani akamwuliza juu ya deni la nchi, na pia juu ya wageni wanaotoka Ulaya ya Mashariki. Walizungumza vizuri, wakaagana kwa kupeana mikono. Brown akaingia katika gari, mlango ukafungwa. Humo ndani akanung'unika kwamba mambo yameharibika, akauliza ni nani aliyemkutanisha na mwanamke yule, akamwita mtu mwenye chuki ya ubaguzi. Alisahau kitu kimoja: kipaza sauti kidogo cha televisheni ya Sky kilikuwa bado kwenye nguo yake, nacho kilikuwa kinafanya kazi.

Baada ya muda mfupi alikuwa katika studio ya redio ya BBC. Wakamfungulia maneno yake mwenyewe. Kamera ilikuwako pia, na nchi nzima ikamwona ameinamisha kichwa, ameushika uso kwa mkono. Akasema anaomba radhi kama amesema neno lolote la kuudhi. Neno “kama” hapo liwekee alama, msomaji, tutalirudia. Kisha, pengine dhamiri ikimsuta, pengine washauri wake wakimsukuma, na sisi hatuwezi kuuona moyo wa mtu, alirudi Rochdale akaenda nyumbani kwa mama yule. Alikaa humo kama dakika arobaini. Alipotoka aliwaambia waandishi waliojaa barazani kwamba yeye ni mwenye dhambi aliyetubu. Brown ni mwana wa mchungaji wa Kanisa la Scotland, na lugha hiyo aliijua tangu utotoni.

Siku nane baadaye chama chake kilipata viti 258 tu, na siku chache tena akaondoka katika nyumba ya Waziri Mkuu. Usidhani kwamba ni neno lile lililomwangusha. Watu walikuwa wamechoka na serikali iliyokaa miaka kumi na mitatu, na fedha ya nchi ilikuwa katika shida. Na ajabu ni hii, kwamba katika mji wenyewe wa Rochdale, mahali alipotukania, mgombea wa Labour alishinda, kwa kura 889.

Sasa turudi kwetu Afrika ya Mashariki, maana wako watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu na redio zao. Tarehe 8 Januari 2022, katika mkutano wa kampeni mjini Eldoret, Kenya, seneta mmoja aliwahimiza watu waondoe “madoadoa” waliyo nayo. Mgeni angesikia neno hilo angefikiri juu ya nguo au ng'ombe. Mwenyeji wa Bonde la Ufa hasikii hivyo. Neno hilo lilitumika zamani kwa watu wa makabila mengine walioishi kule, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa katika Kenya watu zaidi ya 1,100. Si mbali na mji huo wa Eldoret, huko Kiambaa, siku ya Mwaka Mpya wa 2008, kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Ndiyo maana neno dogo lile lilitikisa nchi. Seneta alikamatwa siku iliyofuata. Aliomba radhi akieleza kwamba hakukusudia kabila la mtu, na chama chake nacho kikajitenga na maneno ya namna hiyo.

Wengine walidhani somo limeeleweka. Mwezi uliofuata neno lilelile lilitoka kinywani mwa Raila Odinga huko Wajir, alipokuwa akiwaomba watu wasichanganye vyama katika kura zao. Naye alieleza kwamba amefahamika vibaya, akaomba radhi. Mimi naamini kwamba alikusudia vyama. Lakini mwezi mmoja baada ya Eldoret, kwa nini neno hilo, wakati Kiswahili chetu ni tajiri hivi? Mwezi Aprili tume ya uwiano na utangamano ya Kenya iliandika orodha ya maneno ya chuki, na “madoadoa” lilikuwamo.

Hapo ndipo narudi kwenye “kama”. Mgombea husema, “Kama kuna aliyeumia, namwomba radhi.” Wewe unayekwenda kitubioni wajua kwamba hakuna anayepiga magoti pale na kusema, “Padre, kama nimetenda dhambi, na kama kuna aliyekwazika.” Padre angekutuma ukajichunguze upya. Katika katekisimu tulifundishwa majuto, kuungama, kusudi la kutorudia, na malipizi. Mwanasiasa hupenda kuruka mpaka ondoleo. Brown redioni alisema “kama”. Mlangoni mwa mjane hakusema tena “kama”, tena alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwa mtu aliyemkosea, si kwa waandishi wa habari tu. Tofauti ya maombi hayo mawili mtoto wa Komunyo ya kwanza angeweza kuieleza.

Yako pia maswali yanayotuhusu sisi wasikilizaji. Wachungaji mamia walikuwa katika hoteli ile ya New York. Je, hakuna hata mmoja aliyemshika mwenzake kanzu? Na katika mikutano yetu, mgombea akitukana kabila fulani, makofi hupigwa na nani? Yeye huyasikiliza makofi hayo kama mfanyabiashara anavyosikiliza bei sokoni. Akiona bidhaa hiyo inanunuliwa, ataileta tena katika mkutano wa kesho, kijiji cha pili.

Na kwa kuwa wengi wenu mnaosoma ni wazee wa kanisa, makatekista na viongozi wa jumuiya, niseme na jambo la nyumbani mwetu. Kosa la mwaka 1884 lilitoka kinywani mwa mtu wa dini. Mwezi Septemba 2021, wakati kampeni za Kenya zilipokuwa zikipamba moto, Askofu Mkuu wa Waanglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubia waamini ibadani, na maaskofu wetu Wakatoliki wa nchi ile wakatoa katazo la namna hiyo hiyo. Wako waliolalamika kwamba ni ukosefu wa adabu kumnyima mgeni nafasi ya kusalimu. Salamu yenyewe twaijua: huanza na “Tumsifu Yesu Kristo” na kuishia kwenye namba ya mgombea katika karatasi ya kura. Basi akija parokiani kwenu wakati wa uchaguzi, mpokeeni vizuri, apewe kitabu cha nyimbo na nafasi bencini pamoja na wengine. Kipaza sauti kibaki kwa Padre na kwa msomaji wa Somo.