Chanjo ya Mapafu Haizuii Ndigana

Na Bwana Mifugo, Mkula

Mwezi wa Juni mwaka 2025, kampeni ya taifa ya chanjo ya mifugo ilizinduliwa Bariadi, mkoani kwetu Simiyu. Katika kampeni hiyo ng'ombe huchanjwa homa ya mapafu. Huvishwa pia heleni sikioni. Hilo ni jambo jema.

Lakini mfugaji anaweza kusema: "Ng'ombe wangu amekwisha kuchanjwa. Ana heleni. Josho la nini tena?" Mwingine atasema: "Huyu si ng'ombe wa maziwa. Ni wa nyama tu, tena ni mgumu."

Ndugu mfugaji, mawazo hayo yanaweza kumaliza zizi. Chanjo ya mapafu huzuia homa ya mapafu tu. Haizuii magonjwa ya kupe.

KUPE HULETA MAGONJWA GANI?

Kupe wa masikio huleta ndigana kali. Kupe wa bluu huleta ndigana baridi na ugonjwa wa mkojo wa damu. Kupe mwenye madoadoa huleta ugonjwa wa moyo kujaa maji.

Ni kweli kwamba ng'ombe wetu wa asili ana nguvu. Lakini ndama wake je? Ndama wengine hupata ndigana kali wakapona. Wengine hufa. Wengine hudumaa. Ndama aliyedumaa hawi dume nono la kupeleka mnadani.

Tena, ng'ombe aliyepona hubaki na vijidudu mwilini. Unamwona mzima, kumbe kupe anaweza kuvichukua kwake na kumpelekea ndama. Nyati naye hubeba vijidudu vya ndigana kali bila kuugua. Kwa hiyo usilishe ng'ombe mahali wanapopita nyati.

KWA NINI KILA WIKI?

Kupe wa masikio hatoi ndigana kali mara tu anapouma. Vijidudu hukomaa kwanza ndani ya kupe huku akinyonya damu. Kazi hiyo huchukua siku tatu hivi. Ukimwua kupe mapema, umeuzuia ugonjwa. Ndiyo maana tunaogesha kila wiki. Ukikosa wiki mbili au tatu, kupe amepata nafasi.

Siku ya josho, wanyweshe ng'ombe maji kwanza, wasije wakanywa maji ya dawa. Peleka wote, hata ndama. Pima dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ukiipunguza, kupe hawafi, bali huizoea. Nyumbani, kagua ndani ya masikio na chini ya mkia.

SINDANO NA KISU

Ndigana baridi haiji kwa kupe peke yake. Huenda pia kwa damu iliyobaki kwenye sindano au kisu. Sindano moja isichome kundi zima. Tumia sindano safi kwa kila ng'ombe. Kisu cha kuhasi na chombo cha kukata pembe vichemshwe kabla ya kushika ng'ombe mwingine.

DALILI ZA NDIGANA KALI

Tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba. Mwili huwa na joto kali. Ng'ombe hali vizuri. Baadaye huhema kwa shida na kutoa povu puani. Usingoje povu. Ukiona tezi zimevimba, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Ng'ombe akitibiwa, usimchinje wala kumwuza kwa nyama mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Iko pia chanjo ya ndigana kali yenyewe. Ng'ombe huchanjwa mara moja tu maishani. Mwulize mtaalamu wako jinsi ya kuipata. Lakini hata hiyo haizuii ndigana baridi wala mkojo wa damu. Josho linabaki pale pale.

Ndugu mfugaji, kinga ni bora kuliko tiba. Heleni ni alama tu, haiui kupe. Mchanje ng'ombe wako, na kila wiki mwogeshe.