Lenzi Yenye Kovu Bado Inaona

Jumapili jioni ufukwe wa Gisenyi, Rwanda, hujaa watu, na wapiga picha hukimbizana na wateja kabla giza halijaingia. Kila mteja anataka ziwa liwe nyuma yake. Lakini Ziwa Kivu liko magharibi ya mji, na jua huzama upande huohuo, kuelekea Kongo. Kwa hiyo picha inayopendwa kuliko zote ndiyo ile inayopigwa kamera ikitazamana na jua. Hapo ndipo lenzi yenye mkwaruzo huumbuka.

Mikwaruzo huku haina uhaba. Rubavu, wilaya ya mji huu, ni jirani wa Nyiragongo, volkano ya mita 3,470 iliyo ng'ambo ya mpaka, ambayo ililipuka mwaka 1977, 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Mawe meusi ya volkano yapo mengi huku, na kamera ikiponyoka juu yake haina bahati. Majivu ya volkano nayo si kama ya jikoni: ni chembe za kioo na madini zenye ncha kali. Anayefuta lenzi kwa upindo wa shati bila kupuliza vumbi kwanza anasugua kioo kwa kioo.

Je, kovu likishaingia, lenzi imekufa? Tupige hesabu. Lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 hupokea mwanga kupitia tundu la upana wa takriban milimita 28, yaani eneo la zaidi ya milimita za mraba 600. Mkwaruzo wa urefu wa milimita 10 na upana wa moja ya kumi ya milimita unaziba milimita 1 ya mraba tu. Isitoshe, kioo cha mbele hakipo kwenye fokasi, hivyo mstari huo hauchoreki kwenye picha. Jicho lako linauona mkubwa. Kamera karibu haiuoni.

Hesabu hubadilika ukibana tundu. Kwa f/16 upana wake unabaki kama milimita 3, na mkwaruzo uleule ukikatiza hapo unaweza kuziba sehemu 1 kati ya 25 ya mwanga. Tena kingo za kovu hutawanya mwanga wa jua, picha ikapauka kana kwamba imepigwa kwenye moshi. Kovu la kioo cha nyuma ni baya zaidi, kwa kuwa liko karibu na sensa, yaani kihisi cha mwanga ndani ya kamera, mahali ambapo miale imeshakusanyika.

Kosa kubwa ni kujaribu kulisugua kwa dawa ya meno, kama wafanyavyo watu kwenye taa za magari. Sababu ni hii: kioo kitupu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake. Lenzi yenye nyuso 10 zinazogusana na hewa ingepoteza theluthi moja ya mwanga, na sehemu ya mwanga huo ingezunguka ndani na kuichafua picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alibuni njia ya kupaka kioo utando wa kupunguza hasara hiyo. Utando wa tabaka moja una unene wa kama nanomita 100 tu. Unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara mamia. Dawa ya meno huuondoa utando huo, na mkwaruzo mdogo ukageuka doa kubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua nyingine, ipime uliyo nayo. Bandika gazeti ukutani, lipige picha kwa f/1.8, kisha linganisha pembe zote nne. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine ukisomeka vizuri, huenda vioo vimehama kwa kuanguka, na huo ni ugonjwa mzito kuliko kovu. Halafu piga anga tupu kwa f/16 utafute madoa. Mwisho mpige mtu jua likiwa nyuma yake, kwanza likionekana, kisha kichwa chake kikilifunika. Kama picha ya pili ni safi, dawa yako ni kubadilisha mahali pa kusimama.

Ikishindwa mitihani hiyo, mbadala wa bei nafuu ni hiyohiyo milimita 50 ya f/1.8. Unafuu wake una sababu ya kisayansi. Katika kamera za Canon zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa ni milimita 44. Lenzi ya 50 inakaa hapo bila hila, kwa vioo 6 na mpangilio uliotokana na Planar, lenzi ya Paul Rudolph ya mwaka 1896. Lenzi ya milimita 24 inahitaji vioo vya ziada ili kuisukuma taswira nyuma, na kila kioo kina gharama yake.

Umbali huo wa mdomo hadi sensa pia ndio unaoamua ni mitumba ipi itakufaa. Lenzi za zamani za skrubu za M42, kama Helios 44 ya Kisovieti, zimeundwa kwa umbali wa milimita 45.46. Kwenye Canon hiyo ya milimita 44 zinaingia kwa pete nyembamba tu. Kwenye Nikon F, yenye milimita 46.5, pete isiyo na kioo hainoi vitu vya mbali, na milima itabaki na ukungu.

Ukiuziwa lenzi ya mtumba, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu inayopenda unyevu, na baadhi ya kuvu hula ule utando. Mwachie mwenyewe. Lenzi yenye kovu moja mbele, vioo vilivyonyooka na ndani safi ni bora kuliko inayong'aa nje huku ndani inaoza. Omba punguzo kwa ajili ya kovu hilo, kisha uende nayo kazini.