Giaboksi ya otomatiki ikisumbua: Anza na oili kabla ya kulipia giaboksi nyingine

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu haina huruma kwa gari lililozeeka. Hushuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, ikiwemo Thuci, Nithi na Mutonga. Ni kwenye miinuko hii ambapo wenye magari ya otomatiki hugundua kwamba mambo si shwari: injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari haliongezi mwendo.

Mara nyingi hatua inayofuata ni kupeleka gari gereji na kuambiwa, “Giaboksi imeisha, tafuta nyingine.” Huenda ni kweli. Huenda pia tatizo ni oili iliyopungua, swichi ya breki au waya uliolegea. Giaboksi iliyotumika kutoka Japani hugharimu pesa nyingi na huja bila historia. Kwa hivyo mwenye gari anashauriwa kuhakikisha kwamba uchunguzi umefanywa kwa mpangilio, kuanzia kwa kitu rahisi, kabla hajakubali giaboksi ishushwe.

Kwa nini giaboksi huchoka

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Lakini likishaingia, gari huendelea kutumika kwa miaka mingi. Gari lililotua Mombasa likiwa na miaka 7 na likatumika hapa kwa miaka 12 sasa lina miaka 19, na huenda oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa tangu liwasili.

Oili hiyo hufanya kazi tatu: hulainisha vyuma, hupoza giaboksi, na msukumo wake ndio unaobana klachi za ndani ili gari lishike gia. Gari linapopanda mlima likiwa limejaa abiria, mazao au miraa, oili hupata moto sana. Ikizidi kuungua hupoteza nguvu, klachi huanza kuteleza, na kuteleza huko huongeza moto zaidi.

Pia ni muhimu kujua aina ya giaboksi. Toyota Probox za kwanza, zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2014, zina giaboksi ya otomatiki ya gia 4. Toyota Fielder nyingi za injini ya 1500cc za kuanzia 2006 zina CVT, ambayo haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. CVT hutumia oili yake maalum. Kuitilia oili ya otomatiki ya kawaida kunaweza kuiharibu kabisa.

Dalili na maana yake

Gari likichelewa kushika linapotolewa N kwenda D au R, oili inaweza kuwa imepungua au msukumo wake umeshuka. Vitabu vya ufundi vya magari mengi ya Toyota vinasema D ishike chini ya sekunde 1.2 na R chini ya sekunde 1.5. Likikawia sekunde 3 au 4, hasa asubuhi, kuna jambo.

Injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, klachi za ndani zinateleza. Hapa gari lisiendelee kulazimishwa kupanda mlima.

Gari likigonga kwa nguvu linapobadilisha gia, huenda valvu za umeme zinazoongoza oili zina hitilafu, au oili imechakaa. Likibaki kwenye gia moja na kukataa kubadilisha, mara nyingi kompyuta imegundua hitilafu na kuliweka katika hali ya kujilinda. Katika Toyota nyingi za zamani, taa ya “O/D OFF” inayomulika na kuzima mfululizo ni ishara ya hitilafu ya giaboksi.

Hatua ya kwanza: oili

Kwa magari yenye kijiti cha kupimia, gari liegeshwe mahali tambarare baada ya kuendeshwa hadi lipate joto. Injini ikiwa inanguruma na breki imekanyagwa, gia ipitishwe polepole katika nafasi zote, kisha irudishwe P. Kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kirudishwe na kusomwa upande wenye alama ya “HOT”. Magari mengi ya Honda hupimwa tofauti: injini huzimwa kwanza, kisha oili hupimwa muda mfupi baadaye. Gari lisilo na kijiti hupimwa na fundi kutoka chini.

Kiwango pekee hakitoshi. Oili nzuri huwa nyekundu na angavu, ingawa oili za CVT nyingine zina rangi tofauti. Ikiwa imegeuka kahawia nzito na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeanza kuisha. Ikiwa na rangi ya waridi iliyofifia kama mala iliyotiwa rangi, maji ya redieta yameingia. Gari hilo lisiwashwe tena hadi chanzo kipatikane. Oili ikiwa imepungua, jambo la kwanza ni kutafuta inakovujia, kwa sababu giaboksi haichomi oili kama injini. Kuongeza bila kuziba ni kuahirisha tatizo.

Oili mpya husaidia giaboksi ambayo bado ni nzima. Haiwezi kurudisha klachi zilizokwisha. Fundi anayeahidi kwamba kubadilisha oili kutaponya giaboksi inayoteleza vibaya aulizwe maswali zaidi.

Makosa yasiyo ya giaboksi

Gia ikikataa kabisa kutoka P, mtu mmoja akanyage breki na mwingine aangalie nyuma ya gari. Ikiwa taa za breki haziwaki, shida inaweza kuwa fyuzi au swichi ndogo iliyo kwenye pedali ya breki. Swichi hiyo ndiyo huiruhusu gia kutoka P, na bei yake haikaribii ya giaboksi.

Gari linalotetemeka likipanda mlima linaweza kuwa na plagi mbovu. Kishindo wakati wa kuingiza D au R kinaweza kutoka kwa mipira inayoshikilia injini ikiwa imepasuka. Betri dhaifu na waya zilizooza pia huichanganya kompyuta ya giaboksi.

Mashine ya kusoma hitilafu

Gereji nyingi za miji ya Embu na Meru sasa zina mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mwenye gari aombe kuonyeshwa nambari za hitilafu, aziandike au azipige picha. Nambari P0700 humaanisha tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina hitilafu iliyohifadhiwa. Haisemi giaboksi imekufa. P0750 huelekeza kwenye valvu ya umeme ya kubadilisha gia au waya zake, na P0730 humaanisha uwiano wa gia hauko sawa. Baada ya kusoma, fundi aendeshe gari pamoja na mwenyewe, lipande mlima na kubadilisha gia zote, ili dalili ionekane kwa macho.

Gari likikwama njiani

Gari la otomatiki halifai kuvutwa kwa kamba kwa mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka barabarani. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele liinuliwe mbele. Linaloendeshwa na magurudumu yote manne libebwe juu ya lori.

Kwenye mteremko, dereva asiweke N kwa kudhani anaokoa mafuta. Katika magari ya kisasa, injini inayoshuka ikiwa kwenye gia hupunguza yenyewe mafuta inayotumia. Gari likiwa N, mzigo wote huachiwa breki. Mteremko wa daraja la Nithi, ambako basi lilitumbukia Julai 24, 2022 na watu zaidi ya 30 wakafariki, unakumbusha umuhimu wa kulinda breki. Dereva apunguze mwendo kabla ya kuanza kushuka na aweke gia ndogo: 3, 2, L, au B kwa baadhi ya CVT. Ikiwa giaboksi haishiki gia ndogo, gari hilo halifai kuushuka mteremko huo hadi litengenezwe.

Haki za mwenye gari

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Mteja ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, na kurudishiwa vipuri vya zamani vilivyoondolewa. Aombe makadirio hayo kwa maandishi, yakionyesha kilichopimwa, kilichopatikana na kinachobadilishwa. Akinunua giaboksi iliyotumika, risiti itaje muda wa dhamana.

Oili chafu isimwagwe kwenye mitaro, kwani mvua huipeleka Kathita, Rupingazi na mito mingine inayotegemewa na wakazi na mifugo. Ikusanywe kwenye mtungi na kupewa wakusanyaji wenye leseni.

Kabla ya kusema ndiyo giaboksi ishushwe, mwenye gari aulize maswali matatu: Oili ina kiwango na rangi gani? Mashine imesoma nambari gani? Fundi ameliendesha gari na kuiona dalili? Jibu moja likikosekana, uchunguzi bado haujakamilika.