Kiatu Kifuate Mguu, Mguu Usifuate Kiatu

Mibirizi ni kilima miongoni mwa vilima vingi vya wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika eneo lililojulikana zamani kama Cyangugu. Wamisionari walianzisha parokia yao hapo mwaka 1903, na wajuzi wa kahawa hulitambua jina hilo kwa sababu aina mojawapo ya mbuni huitwa Mibirizi. Lakini askari akimbiaye alfajiri katika vilima hivyo huvijua kwa nyayo zake. Apandapo, kisigino hunyanyuka ndani ya kiatu na kusuguliwa. Ateremkapo, mguu husogea mbele na vidole hugonga ncha ya kiatu hata kucha zikawa nyeusi. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hugandamana na soli, soksi hulowa, ngozi hulainika, na msuguano mdogo huzaa lengelenge kabla jua halijapanda.

Kwa mwenye mguu wa wastani, hayo ni mateso ya siku mbili tatu. Lakini wako askari ambao miguu yao haipati kiatu kwa urahisi. Huyu ana mguu mpana mbele na mwembamba kisiginoni. Yule ana wayo uliolala chini wote. Mwingine ana fundo la mfupa lililotokeza kando ya kidole gumba. Kwao, kiatu kibaya chaweza kuwa mwanzo wa kidonda, na kidonda kikawa sababu ya kubaki nyuma. Nasi twajua kwamba kikosi huenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Askari mmoja achechemeaye huwatwika wenzake mzigo wake, na wakati wa hatari hakuna afisa awezaye kumwambia adui angoje.

Hivyo basi kuchagua kiatu cha mbio si jambo la urembo. Ni sehemu ya utayari wa askari, kama ilivyo kusafisha bunduki.

Tuangalie mfano wa askari mwenzenu. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila, askari wa Kikosi cha Walinzi wa Mfalme wa Ethiopia, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma bila viatu. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa na mtu yeyote. Watu wengi husimulia habari hiyo kana kwamba Bikila alikosa kiatu kwa umaskini, au kana kwamba kukimbia peku ndiyo siri ya ushindi. Ukweli ni kwamba viatu vipya alivyojaribu havikumkaa vyema. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, akaamua kwamba afadhali asivae kitu kuliko kuvaa kitakachomwumiza. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alivaa viatu vilivyomfaa, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Fundisho lililomo ni hili: Bikila hakukubali mguu wake ushurutishwe na kiatu.

Je, kwa nini miguu yetu hutofautiana hivyo? Sababu ya kwanza ni maumbile. Ya pili ni malezi: mtu aliyekua akitembea peku huwa na vidole vilivyotawanyika na sehemu ya mbele iliyo pana kuliko ya yule aliyevishwa viatu tangu utotoni. Ya tatu ni kazi yenyewe. Miaka ya kubeba mizigo, kusimama lindo na kupiga gwaride hurefusha na kupanua mguu, hata askari wa miaka arobaini asipatane tena na namba aliyopewa alipokuwa kuruta. Askari wa kike nao wana shida yao. Mara nyingi kisigino chao ni chembamba kikilinganishwa na sehemu ya mbele ya mguu, nao hupewa kiatu cha kiume kilichopunguzwa urefu tu.

Namba iliyoandikwa kwenye kiatu haimalizi shida hiyo. Katika hesabu ya Kifaransa itumikayo Rwanda, kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo namba 42 yamaanisha kalibu ya kiatu yenye urefu wa sentimita 28. Katika hesabu ya Kiingereza, namba moja hupishana na nyingine kwa theluthi moja ya inchi. Hesabu zote mbili hupima urefu na kunyamaza kuhusu upana. Matokeo yake ni kwamba mwenye mguu mpana huongeza namba ili apate nafasi, akaishia na kiatu kirefu kinachopwaya kisiginoni na kumkwaza kila ateremkapo. Baadhi ya viwanda hutengeneza upana mbalimbali na kuuonyesha kwa herufi. Kwa wanaume, D ni wastani, 2E ni pana, na 4E ni pana zaidi. Mwenye mguu mpana na atafute herufi kabla ya kuongeza namba.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Subiri jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi za siku. Vaa soksi utakazokimbilia. Simama juu ya karatasi, uzito wote ukiwa mguuni, kisha mwenzako achore mzingo wa mguu kwa penseli iliyosimama wima. Pima urefu na upana wa miguu yote miwili, kwani ni nadra kulingana, na ununue kwa kufuata ule ulio mkubwa. Halafu toa soli ya ndani ya kiatu unachotaka, uiweke sakafuni na uikanyage. Ikiwa mguu wamwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho ni chembamba, hata muuzaji akuapie kwamba kitatanuka. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kwa mkimbiaji wa milimani nafasi hiyo ni ya lazima.

Kamba nazo zina kazi yake. Mwenye fundo au mgongo wa mguu ulioinuka aruke tundu lililo juu ya mahali panapouma. Mwenye kisigino chembamba atumie tundu la mwisho kabisa lililo karibu na kifundo, akaze hapo, na kuacha vidole vikiwa huru.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mwenye wayo uliolala apewe kiatu kigumu na mwenye wayo ulioinuka apewe kiatu laini. Majeshi ya Marekani yaliijaribu kanuni hiyo kwa maelfu ya makuruta wa nchi kavu, wa anga na wa majini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na 2010. Waliogawiwa viatu kwa kufuata umbo la wayo waliumia kwa kadiri ileile ya waliopewa aina moja tu. Kwa upande mwingine, mwaka 2001 watafiti wa Calgary, Kanada, waliwapa baadhi ya wanajeshi 206 soli mbalimbali za ndani na kumwachia kila mmoja wao achague iliyompa raha zaidi. Waliotumia soli walizojichagulia walipata maumivu machache kuliko wenzao wasiopewa. Kumbe raha ya mguu ni ushahidi, wala si deko.

Wengi wetu hununua mitumba, na si aibu. Lakini kiatu kilichovaliwa kimekwisha kufinyangwa na mguu wa mtu mwingine. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikiwa kimelala upande mmoja, kiache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, uhai wake umekwisha, ijapokuwa sura yake yang'aa. Kisha kivae ukakimbie mteremko mfupi. Kiatu cha mbio chapaswa kukufaa siku ile ile ya kwanza.

Lipo jambo moja ambalo kiatu pekee hakiliponyi. Mguu unaovimba siku baada ya siku, au unaokufa ganzi, upelekwe kwa mganga wa hospitali kabla ya kutafutiwa kiatu kikubwa zaidi. Nchini Rwanda upo ugonjwa uitwao imidido, uletwao na kukanyaga peku kwa miaka mingi udongo mwekundu utokanao na miamba ya volkano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliukuta katika wilaya zote 30 za nchi. Kuosha miguu kila siku na kuvaa kiatu ndiyo kinga yake. Kwa hiyo askari aliyechoshwa na kiatu kibaya asidhani kwamba dawa ni kukitupa na kutembea peku.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa vikosi na watunza bohari. Kadi ya askari yaweza kuandikwa urefu na upana wa miguu yake miwili, na kipimo hicho kikarudiwa kila mwaka; gharama yake ni karatasi na penseli. Askari arudishaye kiatu bohari kwa kuwa chamuumiza asionekane mkaidi wala mvivu. Anaeleza mapema habari ambayo, akinyamaza, kikosi kizima kitaisikia mlimani, siku ambayo hapatakuwa na kiatu kingine cha kubadilisha.