Nani Alaye Mfupa? Sentensi Moja ya Maradhi ya Viungo katika Karagwe na Kyerwa

Mtoto wa Karagwe, au wa Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012, apelekwapo hospitali ya Nyakahanga na goti lililojaa usaha, watu wa nyumbani kwake husema ya kuwa vijidudu vinakula mfupa. Kwa sarufi sentensi hiyo haina kosa. Kosa limo katika mtenda. Tena wengi huko husema Kinyambo nyumbani na Kiswahili kwa mganga, hata mtenda huyo akavuka toka lugha moja hadi ya pili bila kukaguliwa.

Bakteria asababishaye sana maradhi haya ni Staphylococcus aureus. Sumu anazo, lakini mlaji mkuu siye. Katika utando wake mna lipoprotini, yaani protini zilizoshikizwa kwa mafuta. Makrofaji, chembe walinzi wa mwili, huyatambua mafuta hayo kwa kipokezi kiitwacho TLR2, zikatoa ishara za kuamsha uvimbe. Chembe nyeupe nyingine hujaa kiungoni, na protini iitwayo RANKL huzidi. Hiyo ndiyo ikomazayo osteoklasti, nazo ni chembe za mgonjwa mwenyewe, ambazo kazi yao ya kila siku ni kubomoa mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe. Ubomoaji ukipita ujenzi, mfupa hupungua.

Mwaka 2019 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha ya kuwa lipoprotini peke yake, zikidungwa gotini mwa panya pasipo bakteria hai hata mmoja, huharibu kiungo. Panya wasio na TLR2 hawakudhurika hivyo. Hapa ndipo penye uzito. Dawa yaweza kumwua bakteria, na mabaki yake yakaendelea kuchochea. Basi pamoja na dawa, usaha hapana budi utolewe mapema na kiungo kioshwe. Na mzazi aliyesadiki kwamba mlaji amekwisha kufa hataona sababu ya goti kufunguliwa.

Kiswahili kina njia ya kuliepa kosa hili. "Kuliwa" humwita mlaji. "Kulisha", ijapokuwa ni kauli ya kusababisha, imekwisha kushikwa na maana ya kumpa mtu chakula, wala haifai. Imebaki "kulika", kama isemwavyo juu ya chuma chenye kutu. Mganga aweza kumwambia mzazi: mfupa umelika, bakteria, hai na wafu, wamechochea, na chembe za mwili zimebomoa.