Mama, Wewe Ndiye Muuguzi wa Nyumbani

Mtoto akishapimwa na kuandikiwa dawa, kazi ya zahanati huishia dirishani. Kutoka hapo, iwe Mbagala, Tandale au Kimara, anayempa dawa ni mama, bibi au dada wa kazi. Sisi wauguzi hufundishwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kumpa mgonjwa dawa. Nawe mama uyajue, kwani dawa nzuri ikitolewa vibaya haiponyi, na yaweza kudhuru.

1. Mgonjwa sahihi
Usimgawie mdogo mtu dawa ya kaka yake kwa sababu naye anachemka. Homa si malaria tu. Yaweza kuwa homa ya mapafu. Naye apimwe. Ukigawa, wote wawili hukosa dozi kamili.

2. Dawa sahihi
Soma jina na tarehe ya mwisho wa matumizi; usiamini rangi ya kidonge. Panadol ni parasetamo, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo ndani yake. Mtoto akipewa zote pamoja kipimo huzidi, na parasetamo ikizidi huharibu ini.

3. Kipimo sahihi
Kipimo cha mtoto hufuata uzito. Kwa dawa ya mseto ya malaria (ALu), mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2. Dawa ya maji ipime kwa kijiko kilichokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani.

4. Njia sahihi
Mtoto mdogo asibanwe pua ili ameze, atapaliwa. Saga kidonge cha mseto, ukichanganye na maji safi kidogo. Mpe pamoja na maziwa au uji wa karanga, kwani mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha urudi zahanati kuomba kidonge cha kufidia.

5. Wakati sahihi
Bahasha ikiandikwa 1 x 3, ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Mseto hutolewa mara 6 kwa siku 3. Ukianza saa 2 asubuhi, dozi ya pili ni saa 10 jioni. Siku ya pili na ya tatu ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku.

Hapa ndipo wengi hukwama. Siku ya pili mtoto anacheza, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini. Vimelea vilivyosalia huweza kumwangusha tena. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001, na SP kama tiba ya kwanza mwaka 2006, kwa kuwa vimelea vilikuwa sugu. Tuutunze mseto.

Andika saa za dawa kwenye karatasi, uibandike ukutani, umwonyeshe na dada. Dawa zenyewe ziwe juu, watoto wasizifikie. Mtoto akipata degedege, akilegea, akishindwa kunyonya au kutapika kila kitu, usingoje dozi ifuatayo; mkimbize hospitali hata kama ni usiku.

Na pale dirishani, mama, usiondoke hujaelewa. Kuuliza si ujinga.