Uhamishaji wa Data za Njia Bora ya Meli katika Programu ya Kupanga Safari: Mafunzo kutoka Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna data za njia ya meli, iliyokokotolewa na programu ya kutafuta njia bora, zinavyohamishiwa katika programu ya kupanga safari iliyomo katika chumba cha usukani. Hoja kuu ni kwamba kinachopaswa kuhama si mstari peke yake, bali pia masharti yanayoufanya mstari huo upitike kwa usalama. Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, ziko mbali na bahari. Hata hivyo, reli na barabara zake zinaidhihirisha hoja hiyo kwa mifano ya wazi, na ndiyo inayotangulizwa hapa.

2.0 Mifano mitatu ya nchi kavu

Mfano wa kwanza ni tawi la reli linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,000, ilhali reli ya TAZARA inayokutana nayo Kidatu ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 inatosha kulizuia behewa lisiendelee na safari. Shehena hulazimika kuhamishwa. Katika makabidhiano ya namna hiyo, mwenye mzigo huhakiki kwamba kilichoshushwa ndicho kilichopakiwa.

Mfano wa pili ni barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, ambayo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Ramani huionesha kama mstari usiokatika. Dereva, hata hivyo, anahitaji kujua pia ukomo wa mwendo, mahali palipo na matuta na uwezekano wa wanyamapori kuvuka.

Mfano wa tatu ni mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe. Njia iliyokuwa sahihi katika ramani haikupitika tena. Mifano hii inaibua maswali matatu: je, umbizo linalingana? Je, masharti yamehama? Je, taarifa ni za sasa?

3.0 Umbizo la data

Programu ya kutafuta njia bora hupima hali ya hewa, mikondo, matumizi ya mafuta na muda wa kufika. Matokeo yake ni mfululizo wa nukta za njia zenye latitudo na longitudo. Ili mfumo wa chati za kielektroniki, yaani ECDIS, uzisome nukta hizo, kiwango cha IEC 61174 cha mwaka 2015 kiliweka umbizo la pamoja liitwalo RTZ, lililojengwa juu ya lugha ya XML.

Pasipo umbizo la pamoja, makosa madogo huzaa madhara makubwa. Chukulia latitudo ya nyuzi 6 na dakika 48 kusini, karibu na Dar es Salaam. Kwa desimali, nafasi hiyo ni nyuzi 6.80. Ikiandikwa 6.48 kwa kuzichukulia dakika kuwa desimali, nukta husogea kaskazini kwa maili za baharini 19.2, yaani takriban kilomita 36.

4.0 Masharti yanayoweza kupotea

Katika RTZ, utambulisho na mahali pa nukta ni lazima, lakini taarifa nyingine nyingi ni za hiari. Miongoni mwake ni nusukipenyo cha kugeuka, upana wa mkuza kulia na kushoto, ukomo wa mwendokasi na aina ya mstari unaounganisha nukta mbili. Kwa hiyo faili inaweza kukidhi kiwango na bado ikawa kimya kuhusu mambo ambayo nahodha anayahitaji.

Aina ya mstari ni mfano mzuri. Mstari wenye uelekeo mmoja wa dira na tao la duara kuu hukaribiana sana katika safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Colombo, kwa kuwa safari hiyo iko karibu na ikweta. Kutoka Cape Town kwenda Fremantle, njia hizo huachana kwa mamia ya maili. Taarifa hiyo isipohama, meli inaweza kuongozwa katika maji ambayo programu ya kwanza haikuyakokotoa kamwe.

5.0 Uhakiki na wajibu

Azimio A.893(21) la Shirika la Kimataifa la Bahari, la mwaka 1999, linagawa mpango wa safari katika hatua nne: tathmini, upangaji, utekelezaji na ufuatiliaji. Njia iliyopokelewa kutoka nje ni mchango katika hatua mbili za mwanzo, haizifuti. Afisa anapaswa kulinganisha idadi ya nukta na umbali wa jumla, kurejesha masharti yaliyokosekana, kisha kuikagua njia yote dhidi ya chati na matangazo mapya ya mabaharia.

Uzito wa wajibu huu ulithibitishwa na shauri la meli CMA CGM Libra, iliyokwama mwaka 2011 ilipokuwa ikitoka Xiamen, China. Mpango wake haukuwa na onyo kwamba kina cha maji nje ya mkondo wa meli kilikuwa pungufu ya kilichochapishwa katika chati. Tarehe 10 Novemba 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mpango wenye kasoro hiyo uliifanya meli isistahili safari. Shauri hilo halikuhusu uhamishaji wa faili. Lilihusu onyo lililopaswa kuwamo katika mpango lakini halikuwamo.

6.0 Hitimisho

Umbizo la pamoja hutatua tatizo la kusomeka, wala halithibitishi usalama. Uhamishaji umekamilika pale tu nukta, masharti na uhai wa taarifa vinapokuwa vimehakikiwa na mtu atakayewajibika kwa safari hiyo.